Umeanza Tena Kutafuta Mkombozi

Umeanza tena.

Nakusikia kwenye matatu asubuhi, nakusikia kwa kinyozi, nakusikia nje ya kanisa na nje ya msikiti. "Huyu aende tu. Fulani akiingia, nchi itanyooka." Jina la huyo fulani hubadilika kila wiki, lakini sauti ni ileile na imani ni ileile uliyokuwa nayo Agosti 2022. Mkenya mwenzangu, imani hiyo inanitisha kuliko bei ya unga.

Inanitisha kwa sababu najua inakoishia. Nawe unajua. Uliilipia jana na bado unailipia kila mwisho wa mwezi. Kidonda hakijakauka, tayari unauliza nani atatuokoa safari hii?

Tukumbushane basi, maana tumezoea kusahau, na wanaotutawala wanalijua hilo vizuri mno.

Septemba 13, 2022, uwanja wa Kasarani ulijaa asubuhi na mapema. Watu walisukumana langoni hadi makumi wakaumia, kisa walitaka kumwona kwa macho yao Rais wao akiapa. William Ruto alikuwa amepata kura 7,176,141, asilimia 50.49, na Mahakama ya Juu ilikuwa imeuthibitisha ushindi huo siku nane kabla. Huyu ni mtu aliyesimulia jinsi alivyouza kuku kando ya barabara akiwa kijana. Chama chake kilichukua wilbaro kuwa alama. Jukwaani alimtaja mama mboga, alimtaja mtu wa bodaboda, alimtaja fundi na kinyozi, nao wakajiona wametajwa kwa heshima.

Si ajabu walimpenda. Mtu aliyepuuzwa miaka nenda miaka rudi akisikia anatajwa, moyo hulainika. Siulaumu upendo huo. Ninalaumu kilichofuata: hatukuuliza chochote.

Siku ileile, pale pale Kasarani, Rais mpya alisema ruzuku ya mafuta haijasaidia na itaondolewa. Kesho yake petroli jijini Nairobi ikatangazwa kupanda kutoka Sh159.12 hadi Sh179.30 kwa lita. Shilingi ishirini kwa mkupuo mmoja! Sisi tukapiga makofi. Alisema ruzuku inaikausha hazina, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini nani kati yetu aliuliza: ukiiondoa, yule mama anayetoa nyanya Marikiti alfajiri kwa gari la kukodi, utamwekea nini mahali pake? Nani aliuliza?

Tulisema: tumpe muda, ndiyo kwanza ameingia.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulimsifu mgema kabla hajakwea mnazi.

Ikaja mbolea. Gunia lililokuwa Sh6,500 likashuka hadi Sh3,500, baadaye Sh2,500. Hilo lilikuwa jambo jema na sitalikana. Wakulima wengi wa mahindi walipumua. Kisha mwaka 2024, msimu wa mvua ndefu, ikafichuka kwamba magunia feki yalikuwa yameingia kwenye mpango huo huo wa serikali. Wewe uliye mjini unaweza kuisoma habari hiyo na kufungua ukurasa unaofuata. Mkulima hawezi. Ameshalima, ameshapanda, ameshanyunyiza vumbi kwenye shimo akidhani ni rutuba, na mvua ya msimu ikishapita hairudi kwa sababu serikali imeomba radhi. Hasara hiyo huiona mwezi wa nane mahindi yanapotoka na vigunzi vyenye meno ya kuhesabu. Waziri wa Kilimo alipelekwa Bungeni ang'olewe. Kamati ya wabunge ikamsafisha.

Kamati ya wabunge. Yashike maneno hayo, nitayarudia.

Ikaja Hazina ya Hasla, Novemba 30, 2022, kwa shangwe na muziki. Mikopo ikianzia Sh500, ya kurudishwa ndani ya siku 14. Shilingi mia tano! Nenda nayo sokoni uone kama utapata kreti ya nyanya. Ni mtaji gani wa biashara unaoanza na kumalizika ndani ya wiki mbili? Tulikopa, tukanunua unga na mafuta ya kupikia, tukabaki na deni. Tukasema: tumpe muda.

Ikaja Sheria ya Fedha ya 2023. Hapa ndipo kamba ilipoanza kukaza. VAT ya mafuta ikapandishwa mara mbili, kutoka asilimia 8 hadi 16. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kuanzia Sh1 milioni kwa mwaka, yule yule hasla aliyeimbwa jukwaani, ushuru wake wa mauzo ukaruka kutoka asilimia 1 hadi 3. Angalia vizuri: ni ushuru wa mauzo. Awe amepata faida au amekula hasara, serikali inachukua chake kwanza. Kufikia Septemba mwaka huo petroli ilikuwa Sh211.64 Nairobi. Kijana wa bodaboda aliyefika kituoni na noti ya mia mbili hakuondoka na lita moja nzima. Mwaka mmoja baada ya Kasarani.

Sasa tazama hati ya mshahara, maana huko ndiko ukweli unakoandikwa kwa wino. Mchukue karani au mwalimu anayelipwa Sh50,000. Mwaka 2022 NSSF ilimkata Sh200 na NHIF Sh1,200. Leo NSSF inamkata Sh3,000, SHIF inachukua Sh1,375, na kuna Sh750 za Ushuru wa Nyumba ambazo hazikuwepo kabisa. Kutoka Sh1,400 hadi Sh5,125. Utaniambia PAYE imepungua kidogo kwa sababu makato hayo sasa hayatozwi ushuru. Imepungua, ndiyo, lakini haizibi pengo. Utaniambia NSSF ni akiba ya uzeeni, tena sheria yake ni ya 2013. Kweli kabisa. Lakini mwenye nyumba akibisha hodi tarehe tano, utamwonyesha akiba ya uzeeni?

Na bei sokoni je, zilisubiri mshahara huo upone?

Watetezi wake watasema shilingi imepata nguvu, kutoka karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 hadi karibu 130. Watasema alirithi deni la zaidi ya Sh8.5 trilioni. Yote mawili ni kweli. Pia ni kweli kwamba kufikia katikati ya 2025 deni hilo lilikuwa limepita Sh11 trilioni. Aliyeahidi kutoa mzigo mgongoni ameuongeza, kisha anamwambia mbebaji ajikaze.

Halafu ikaja Juni 2024.

Sitaki kuandika juu ya mwezi ule kana kwamba ni habari ya zamani. Mswada wa Fedha ulipoletwa ulitaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16. Mkate! Ulitaka ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia na ushuru wa kila mwaka kwa magari. Vijana waliusoma mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za mama zao, wakaupinga kwa hoja, wakaingia barabarani na chupa za maji na bendera. Juni 25 Bunge likaupitisha hata hivyo. Risasi zikalia. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule. Hao ni watoto wa watu. Kuna mama aliyemtuma mwanawe mjini asubuhi na jioni akaanza kuzunguka mochari. Kesho yake Rais akasema wananchi wamesema, hatautia saini.

Ukamtazama mtu mmoja, ukamkasirikia mtu mmoja, ukampa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa Biblia. Nami nilimkasirikia, na hasira yangu haijapoa. Lakini nataka nikuulize swali moja, na usilikwepe.

Mbunge wako alipiga kura gani?

Waliosema ndiyo walikuwa wabunge 195. Waliosema la walikuwa 106. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Piga hesabu mwenyewe uone waliobaki walikuwa wapi siku hiyo. Rais hana kura Bungeni. Nairudia: Rais hana kura Bungeni. Hawezi kukutoza hata senti ya ushuru mpya mpaka watu uliowachagua wewe wainue mikono. Wabunge 195. Wana majina, wana maeneo, wana simu, wana nyumba kijijini kwako.

Unamjua wako? Au unajua tu Rais alisema nini jana, alivaa nini, alikwenda nchi gani?

Kikulacho ki nguoni mwako. Unalalamika usiku kucha juu ya Ikulu, na aliyekuuza anakuja kwenye mazishi ya jirani yako, anapewa kipaza sauti, unampisha kiti. Anakuja na basari za NG-CDF. Fedha hizo ni zako, zimetoka kwenye sukari unayonunua na petroli unayotia. Unapanga foleni, unapokea hundi kwa mikono miwili, unapiga naye picha, unasema mheshimiwa ametukumbuka. Ametukumbuka! Mwizi akikurudishia nauli ya kwenda polisi, utamshukuru?

Na baada ya Juni ulifanya nini? Tulizika, tukalia, tukaweka picha zao kwenye simu zetu. Kisha tukalala.

Mwezi Julai huo huo, ushuru wa matengenezo ya barabara ukapanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta. Hapakuwa na maandamano ya maana juu ya hilo. Ni shilingi saba tu, nani ana nguvu za kuandamana tena? Agosti viongozi wa ODM, chama cha upinzani, wakaapishwa kuwa mawaziri: John Mbadi Hazina ya Kitaifa, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini, Wycliffe Oparanya Vyama vya Ushirika. Wakaiita Serikali Jumuishi. Uliyemtegemea awashe taa serikali ikikosea akahamia upande wa pili wa meza. Na kabla ya Krismasi, Desemba 2024, baadhi ya mambo yaliyokuwa kwenye mswada uliokataliwa yakarudi ndani ya sheria nyingine ya ushuru, kimyakimya, wengi tukiwa tunatafuta nauli ya kwenda ushago.

Ulikuwa wapi? Nilikuwa wapi? Damu ya vijana ilinunua kitu, na sisi wenye umri wa kujua zaidi hatukukilinda hata miezi sita.

Nawe unaniambia dawa ni jina jipya kwenye karatasi ya kura?

Mchezo huu hatujauanza jana. Mwaka 1978 Moi alipoingia, aliwafungua wafungwa wa kisiasa mwezi Desemba, watoto wakapewa maziwa shuleni, nchi ikaimba. Tumpe muda. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House, wazee wanaovijua bado wako hai.

Lakini mwaka unaoniuma ni 2002.

Wewe kijana uliyezaliwa baadaye, waulize wakubwa wako kuhusu Desemba 30, 2002, pale Uhuru Park. Mwai Kibaki aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu kwenye plasta, na bustani ile haikuwa na nafasi ya kutia mguu. Watu walipanda miti. Tulikuwa tumeimba kwamba yote yawezekana bila Moi, na yalikuwa yamewezekana. Elimu ya msingi ikawa bure Januari iliyofuata, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani, wengine wakakaa sakafuni na wakafurahi.

Na kilitokea kitu kingine ambacho hatukisimulii vya kutosha. Katika wiki zile za kwanza, abiria wa matatu walikuwa wanawazuia makondakta kutoa hongo. Kondakta akikunja noti kumpa polisi wa trafiki, gari zima linapiga kelele: usimpe! Watu wasiojuana, wanaokwenda kazini, wanamtazama afisa machoni na kumwambia siku hizo zimekwisha. Polisi wakaona haya. Hakuna aliyewatuma abiria wale. Hakuna chama kilichowalipa.

Kwa miezi michache tulikuwa taifa la watu wanaojilinda wenyewe.

Kisha tukachoka. Tukasema sasa tuna serikali nzuri, itafanya yenyewe. Abiria akarudi kutazama dirishani kondakta anapokunja noti. Katiba mpya iliyoahidiwa ndani ya siku 100 ikapita siku 100, ikapita mwaka, tukasema tumpe muda. Mwaka 2004 ikafichuka Anglo Leasing, mikataba ya mabilioni kwa kampuni zisizokuwepo. John Githongo, katibu aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London. Na mwisho wa 2007, baada ya uchaguzi, tukaanza kuchinjana. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Katiba ile ya siku 100 tuliipata Agosti 27, 2010, tena baada ya makaburi.

Kwa hiyo usiniambie Kibaki alikuwa malaika akaharibika, au Ruto alikuwa rafiki wa maskini akageuka. Wote walifanya yale tuliyowaachia nafasi wayafanye. Ukimwajiri mtu dukani, ukamkabidhi funguo na droo ya pesa, ukaenda kulala miaka mitano, utakaporudi usiulize faida iko wapi. Jiulize ulilala kwa nini.

Sasa nije kwa hawa wanaokung'arisha macho leo.

"Wantam! Wantam!" Unapiga kelele hadi koo linakauka. Sawa. Una haki ya kumpa kiongozi muhula mmoja tu. Katiba imekupa haki hiyo na uitumie. Lakini wantam si mpango wa kushusha bei ya petroli. Akishaenda, anabaki nani, na amekuahidi nini kwa tarakimu?

Mmoja wa wanaoshangiliwa zaidi kwenye mikutano ni Rigathi Gachagua. Huyu alikuwa Naibu Rais tangu Septemba 2022 hadi alipong'olewa Oktoba 2024. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipopita, alikuwa ndani. Ushuru wa Nyumba ulipoanza, alikuwa ndani. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu mwaka 2023 akafananisha serikali na kampuni yenye hisa, wenye hisa nyingi wapate zaidi. Asiyepiga kura upande wao alikuwa anaambiwa wazi kwamba ni mgeni katika nchi yake. Leo anazungumza juu ya mateso ya mwananchi, nawe unafuta machozi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kalonzo Musyoka alikuwa waziri enzi za Moi na Makamu wa Rais enzi za Kibaki. Fred Matiang'i alisimamia polisi kama Waziri wa Usalama wa Ndani chini ya Uhuru Kenyatta. Sisemi mtu hawezi kujifunza kitu. Ninasema hawa si wageni waliotua jana kutoka mwezini. Wana kumbukumbu, na kumbukumbu hizo zisomwe kwa sauti mbele yao.

Wala sisemi wote ni sawa. Maneno hayo, "wote ni sawa", ni kitanda kingine cha wavivu. David Maraga, akiwa Jaji Mkuu, aliongoza Mahakama ya Juu iliyofuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, jambo ambalo hakuna mahakama ya Afrika iliyokuwa imethubutu kulifanya kabla yake. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini hata Maraga akija kuomba kura yangu, nitamwuliza maswali yaleyale ninayotaka kumwuliza Ruto. Heshima siyo hundi tupu yenye saini yangu.

Tatizo letu ni matumaini yasiyo na masharti. Tunampa mtu moyo, tunampa kura, tunampa Bunge, tunampa mtoto wetu aende kumwimbia, na hatumwambii: la kwanza nataka hili, kufikia tarehe hii, na usipolitenda nitafanya hivi. Mwanasiasa aliyekwisha kuona kwamba unapenda bila masharti, kwa nini akuhangaikie? Akuhangaikie kwa lipi?

Mgombea akija na maneno matamu, mkatize. Mwulize: VAT ya mafuta itarudi asilimia 8 au haitarudi? Ikirudi, pengo utaliziba kwa kukata nini, Ikulu kiasi gani, Bunge kiasi gani, safari za nje kiasi gani? Biashara ndogo itatozwa mauzo au itatozwa faida? Waliompiga risasi mtoto asiye na silaha watafikishwa mahakamani lini? Akijibu kwa hadithi ya utoto wake, mrudishe kwenye swali. Sisi sote tulikuwa maskini utotoni. Hiyo siyo sera.

Na usiniambie maswali hayasaidii. Mwaka 2024 ulipoletwa mswada wa kuongeza muhula wa Rais kutoka miaka mitano hadi saba, watu waliandika kwa Seneti kwa maelfu, wakajaza barua pepe za maseneta, na mswada ukafa. Waliandika tu! Hakuna aliyerusha jiwe. Mpango wa kuikabidhi Adani uwanja wa ndege wa JKIA ulianikwa mitandaoni na raia wa kawaida, wafanyakazi wa uwanja wakagoma, wanasheria wakaenda kortini, na hata kabla ya mashtaka ya Marekani dhidi ya mwenye kampuni hiyo kuusukuma kaburini, kila Mkenya alikuwa ameshajua kuna kitu kinafichwa. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi. Tunalalamika kwamba vikao hivyo ni vya kuhadaa. Vingi ni vya kuhadaa kweli, hasa kwa sababu ukumbi huwa na watu kumi na wawili, sita kati yao wamesafirishwa na mbunge.

Kifungu cha 104 kinampa mpiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake. Wabunge walipoandika sheria ya kukitekeleza waliijaza vikwazo, Mahakama Kuu ikavitupa mwaka 2017, na tangu hapo Bunge halijawa na haraka yoyote ya kutuandikia nyingine. Ungekuwa mbunge, ungeharakisha? Haki yako imekaa kwenye droo ya mtu ambaye haki hiyo ingemfukuza kazi, nawe hujawahi hata kuidai kwa sauti.

Nina hasira pia na wewe usiyepiga kura kabisa, unayejisifu kwamba siasa ni uchafu. Mwaka 2022 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22. Zaidi ya milioni 7.5 kati yao hawakutokea vituoni. Tofauti kati ya Ruto na Raila Odinga ilikuwa kura zipatazo 233,000. Waliolala siku ile walikuwa wengi kuliko kura za mshindi! Halafu wakaamka kulipa Ushuru wa Nyumba pamoja nasi, senti kwa senti. Ushuru haukuuliza nani alipiga kura na nani alilala.

Vijana mliosimama Juni 2024, ninyi mmeshawaonyesha wazee wenu jinsi mswada unavyosomwa. Nendeni mkajiandikishe. Moshi wa vitoa machozi mmeshauvuta bila kuogopa. Foleni ya IEBC haiwezi kuwashinda. Na msijiandikishe kwa ajili ya urais pekee. Urais una kamera na muziki, kwa hiyo unavuta macho. Nyama yako inakatwa kwa mbunge, kwa seneta, kwa mwakilishi wa wadi anayepitisha ada ya kibanda chako sokoni, watu ambao unawachagua dakika ya mwisho kwa kufuata rangi ya chama, karatasi sita mkononi na akili yote kwenye moja.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kabla ya hapo mheshimiwa wako atakuja. Atakuja kwenye mazishi, kwenye harambee ya kanisa, kwenye fainali ya kombe alilolitia jina lake. Orodha ya kura za Juni 25, 2024 imo kwenye kumbukumbu za Bunge, na ilisambaa kwenye simu kwa majina. Itafute leo. Soma jina lake lilikoangukia. Kisha akisimama, kabla hajasema bwana asifiwe, kabla hajaomba wimbo, nyanyuka umwulize mbele ya watu wote: siku ile ulisema ndiyo au ulisema la, na kwa nini?

Akikwepa, aulizwe na wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Asipojibu, mnyang'anyeni kipaza sauti.